Kalamu za wino za elfu mbili: shajara ya katibu wa kikoba

Jumamosi, Kariakoo

Mradi ni huu: nipate kalamu ya wino ya bei chee itakayoandika muhtasari wa kikao cha kikoba chetu kwenye kaunta buku la kawaida, kuanzia kufungua kikao hadi mengineyo, bila kukatakata na bila kunipaka vidole. Mimi ndiye katibu. Wanakikundi wana maneno, kikao hakiishi chini ya saa mbili, na bik haiandiki mpaka uikandamize. Ikifika ajenda ya mikopo kidole gumba kimeshakufa ganzi. Kalamu ya wino haitaki nguvu. Ncha ikigusa tu karatasi wino unateremka wenyewe, kazi ya mkono ni kuongoza.

Sharti nililojiwekea: kalamu zote zitoke kwenye maduka ya bei moja, yale yenye spika mlangoni inayorudia "kila kitu elfu mbili" tangu asubuhi, au kwa machinga aliyepanga mbele yake. Zile zinazofungiwa kwenye kabati la kioo pamoja na saa za mkononi hazihusiki.

Shida ya kwanza ni kueleweka. Ukiomba kalamu ya wino unapewa ya jeli. Ukisema siyo hiyo unaletewa maka. Nikaacha kuuliza, nikawa napekua mwenyewe kwenye rafu za vifaa vya shule, maana ndiko zinakokaa, katikati ya vichongeo vyenye umbo la gari na vifutio vinavyonukia ndizi. China wanafunzi bado wanaandika kwa kalamu za wino, kwa hiyo kontena la mabegi na madaftari likija, nazo zimo.

Nimerudi na hizi. Pakiti ya kalamu mbili za plastiki zisizo na jina, pamoja na katriji za bluu, vile vibomba vidogo vilivyojazwa wino tayari. Maandishi yote ni ya Kichina isipokuwa namba 0.38, yaani unene wa mstari kwa milimita. Jinhao moja, chapa ya Kichina, yenye kifuniko cha umbo la kichwa cha papa, ambayo binti wa kaka yangu akiiona tu imekwenda. Nyingine nzito, nyeusi, ina pete ya njano kiunoni na haina jina popote, hii nimeitoa kwa machinga Mtaa wa Kongo. Ya mwisho inafanana na Hero 616, kalamu nyingine ya Kichina, ila maandishi ya kwenye kifuniko yamekaa upande, na kwa kuwa Hero 616 za kughushi zimejaa duniani, sina sababu ya kuwasingizia Hero wenyewe.

"Kaka, hiyo ncha dhahabu, soma mwenyewe," machinga kaniambia kuhusu ile nzito. Nimesoma: 18KGP. Habari yote iko kwenye herufi mbili za mwisho, GP, yaani "gold plated". Ni chuma cha pua kilichopakwa dhahabu nyembamba juu. Dhahabu tupu haiuzwi elfu saba pembeni ya soksi. Utakutana pia na nibu, yaani hizo ncha za chuma, zilizogongwa "Iridium Point Germany", na nyingi kati ya hizo Ujerumani hazijafika. Si jambo la kukukosesha usingizi. Chuma cha pua kikisuguliwa vizuri kinaandika vizuri, na kisiposuguliwa vizuri hakuna rangi ya dhahabu itakayokisaidia.

Jumapili, kwenye karo

Kalamu hizi hazitiwi wino zikitoka dukani. Kiwandani zimebaki na mafuta kidogo, na wino na mafuta havielewani: wino unagoma kushuka, unaandika nusu ya neno, unapotea. Dawa yake ni maji ya uvuguvugu na tone moja la sabuni ya vyombo. Unafungua shingo ya kalamu, unavuta maji kwa pampu yake, unayatoa, unarudia, kisha unasuuza kwa maji matupu mpaka povu liishe. Halafu unailaza ncha chini juu ya kitambaa mpaka asubuhi.

Nikiwa na ile nzito mkononi nikavuta nibu ikatoka pamoja na kile kipande cheusi cha plastiki kinachokaa chini yake. Mimi nakiita ulimi. Wengi wakinunua kalamu wanaangalia nibu, lakini roho ya kalamu ya wino ni ulimi. Una mfereji mwembamba wa kupitisha wino kwenda kwenye ncha, na njia ya hewa kurudi ndani kuchukua nafasi ya wino uliotoka. Hewa isiporudi, wino hautoki. Hewa ikirudi ovyo, wino unamwagika. Lewis Edson Waterman wa New York alipata hataza ya ulimi wa namna hii mwaka 1884, na mpaka leo kalamu ya elfu mbili inafanya kazi kwa kanuni ile ile. Yale mapezi ya pembeni si pambo: ni ghala la wino wa ziada kalamu ikipata joto.

Ulimi wa kalamu nzito ulikuwa na uzi wa plastiki umebaki mferejini, kama nusu ya unywele. Nimeutoa kwa pini.

Jumatatu, kutafuta wino

Katriji za pakiti zipo, lakini kalamu mbili zina pampu, kwa hiyo nahitaji wino wa chupa. Nimepita maduka ya vifaa vya ofisi pale Mnazi Mmoja. Duka la kwanza wamenipa wino wa mhuri, na dada wa kaunta kaniambia kwa imani yote kwamba "wino ni wino tu". Huu usiutie kamwe. Umetengenezwa ukae kwenye sponji, ni mzito, unagandia mferejini na kalamu imekwisha. Duka la pili wakanipa wino wa kujazia printa. Hapana. Wino mweusi wa wachora ramani ni hatari zaidi, kwa sababu ndani yake kuna gundi ya kuufanya usifutike, na ikikauka ndani ya ulimi hakuna maji yatakayoitoa.

Mwishowe nimepata Quink, chupa ya ml 57. Parker wanautengeneza wino huu tangu 1931. Bei yake imezidi kalamu zote kwa pamoja, mwenye duka akaona ninavyosita, akasema, "Utakufa utauacha, mjomba." Nikapiga hesabu nje kwenye kivuli: katriji fupi ya kawaida inachukua kama ml 0.8, kwa hiyo chupa moja ni kama katriji sabini. Mwenye duka ana haki.

Jumanne usiku, kaunta buku

Ile nzito kwanza, kwa sababu ndiyo yenye maringo. Ikisimama kidogo inagoma kuanza, lakini ikianza inatiririsha wino mwingi, mstari mnene, unang'aa kabla haujakauka. Kwenye karatasi ya printa ya gramu 80 mwandiko wangu ulikuwa wa hati ya ndoa. Kwenye kaunta buku ilikuwa balaa. Kila herufi ilichipua vinyweleo pembeni, "a" na "o" zikaziba matundu, na nilipofungua ukurasa wa nyuma niliweza kusoma sentensi nzima kinyumenyume. Ukurasa mmoja umekuwa kurasa mbili zilizoharibika.

Karatasi ya kaunta buku ya bei ya chini haina kinga ya kutosha dhidi ya majimaji. Nyuzi zake zinanyonya. Bik haina tatizo hilo kwa sababu wino wake ni wa mafuta, mzito, unabaki ulipowekwa. Wino wa kalamu hizi karibu wote ni maji yenye rangi. Ukiuweka kwenye karatasi inayonyonya, unakimbia kufuata nyuzi. Nikajaribu kuandika haraka, nikajaribu kuandika taratibu. Taratibu ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu ncha inakaa muda mrefu mahali pamoja.

Kisha nikachukua moja ya zile zisizo na jina, za 0.38.

Mstari ni mwembamba kama wa penseli iliyochongwa sasa hivi. Wino unaotoka ni kidogo mno kiasi kwamba karatasi haipati cha kunyonya. Hakuna vinyweleo, na upande wa pili ni kivuli tu. Nikaandika ukurasa mzima wa mahudhurio ya uongo kwa majina ya mitume na manabii, nikageuza, nikaandika na upande wa pili, na pande zote mbili zinasomeka. Nibu nyembamba hivi zimetengenezwa kwa ajili ya mwandiko wa Kichina, ambao herufi moja inaweza kuwa na mikwaju kumi na tano ndani ya kisanduku kidogo. Ncha nene ingeifanya doa. Aliyeitengeneza hakuwaza kaunta buku la Tanzania, lakini kaunta buku ndilo limefaidi.

Kuanzia leo mradi umegeuka. Sitafuti tena kalamu nzuri kati ya hizi. Natafuta inayopatana na daftari tulilonalo, kwa sababu kikundi hakitanunua daftari la gharama ili katibu afurahi.

Jumatano

Pacha wake, kutoka pakiti ile ile, rangi ile ile, haandiki. Anakwaruza kama msumari, na mstari unaokwenda kushoto haupo kabisa. Nimemwosha tena. Hakuna kilichobadilika.

Alhamisi, kwa fundi saa

Karibu na kituo cha daladala yuko mzee anayetengeneza saa chini ya mwavuli, na nilichohitaji ni ile lenzi yake ya jichoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Leta saa."

"Si saa, mzee. Naomba kuazima jicho."

Akaipokea kalamu, akaiweka chini ya lenzi yake mwenyewe kabla ya kunipa. Mafundi wa watu ndivyo walivyo. Akaigeuza kwenye mwanga, akaguna. "Mguu mmoja umepanda," akasema, akanivisha lenzi.

Kwa macho matupu ncha ya nibu ni nukta. Kwa lenzi ni miguu miwili iliyosimama pamoja, katikati mpasuo ambao wino unapita, na mwisho wa kila mguu kuna kipira kidogo cha metali ngumu kilichochomelewa. Vipira viwili vinatakiwa kukaa usawa. Kwenye kalamu yangu wa kulia ulikuwa juu ya mwenzake kwa kiasi ambacho nisingeweza kukikisia bila lenzi, na makali yake ya ndani ndiyo yaliyokuwa yanalima karatasi. Ukivuta mkono kushoto, mguu wa juu unaning'inia hewani na wino unakosa pa kushukia.

Nilikuwa na wembe mfukoni wa kupitisha katikati. Mzee akakataa. "Utaukwangua. Tumia kucha." Nikauweka ukucha wa kidole gumba juu ya mguu uliopanda, nikabonyeza, nikaachia. Lenzi. Bado. Nikabonyeza tena, nikashikilia kidogo zaidi. Lenzi. Mzee akachukua, akatazama, akabonyeza mara moja kwa ukucha wake wenye grisi, akanirudishia bila neno. Imenyooka. Nikaijaribu kwenye kipande cha gazeti alichokuwa amefungia betri, ikaandika kushoto, kulia, juu, chini.

Nikamuuliza deni langu. Akasema nimletee wateja wa saa.

Inayojifanya Hero ilikuwa mfukoni pia, akaiona. "Hizi tulikuwa nazo makarani wa zamani," akasema, "Wachina wa reli walikuja nazo." Ndiye aliyenionyesha namna ya kuijaza: hakuna katriji wala pampu ya kuzungusha, kuna mpira ndani ya ala ya bati, unazamisha ncha kwenye wino, unabonyeza bati mara kadhaa, unatulia kidogo kila ukiachia ili mpira uvute. Nibu yake imejificha ndani ya shingo, imechomoza ncha tu. Mtindo huo ulipata umaarufu na Parker 51, ya mwaka 1941, na faida yake ni kwamba ncha haikauki upesi ukiwa umeacha kalamu wazi unasikiliza mtu. Kwa katibu hiyo ni sifa kubwa. Bahati mbaya yangu mpira wake umetoboka, nimegundua kwa vidole.

Ijumaa, saluni

Ile nzito na kugoma kwake kuanza. Kwa lenzi niliona kinyume cha pacha: miguu iko sawa kabisa, ila vipira vimesuguliwa kupita kiasi, vikawa vya mviringo hata kwa ndani, kwenye mpasuo. Matokeo yake wino unaishia juu kidogo ya karatasi, hauigusi, mpaka ukandamize. Na mimi nimetoka kwenye bik ili nisikandamize.

Kinachohitajika ni msasa laini kuliko wowote wa hardware. Nimeupata kwa dada anayepaka kucha: ile tupa ya sponji yenye pande nne, na upande wa mwisho ndio wa kung'arishia. Nikaichukua kwa elfu moja, nikaandika namba nane juu ya upande huo kwa kalamu yenye wino ndani, mkono mwepesi, nikapima kwenye karatasi kila baada ya nane chache. Ukizidisha, kile kipira kinakwisha na hakirudi. Imekubali. Sasa inaanza ikiguswa. Bado ni mbaya kwa kaunta buku, hilo halina msasa, lakini kwenye bahasha za mialiko na karatasi za printa itafanya kazi yake.

Jumamosi, daladala

Jambo la hali ya hewa, kwa wenzangu wa pwani. Pacha aliyepona nilimweka mfuko wa shati, katriji ikiwa imebaki nusu. Nikabanwa kwenye daladala mchana wa jua kali. Kufika nyumbani, ndani ya kifuniko kuna wino, shingo yote bluu. Kalamu haijavunjika. Katriji ya nusu ina hewa nusu, hewa ikipata joto la kifua inapanuka, inasukuma wino, mapezi ya ulimi yanajaa, kinachozidi kinatoka. Iliyojaa ina hewa kidogo ya kupanuka. Kwa hiyo: ncha juu wakati wote, na ukisafiri, beba iliyojaa au tupu.

Papa haikuvuja, haijakauka, haijagoma. Imetoka dukani ikaoshwa ikaandika, mstari mwembamba, na nibu yake imejificha. Inanikera kidogo kwamba kalamu iliyopita majaribio yote bila msaada ndiyo yenye macho na meno. Na kama nilivyosema, imeshachukuliwa. Binti wa kaka amenikubalia niiazime siku za vikao tu.

Jumapili, kikao

Nimekwenda na papa na wale pacha wawili. Nimeandika kwa pacha mzima kuanzia dua ya kufungua. Ajenda ya mikopo ilileta mjadala mrefu kuhusu mdhamini aliyehama mtaa, kurasa zikasogea, mkono haujauma. Wino wa katriji uliisha katikati ya hoja ya mama mmoja mwenye kasi, nikashika pacha wa pili, sijapoteza neno.

Mweka hazina alikuwa ananiangalia tangu mwanzo. Tulipofika kwenye leja akaweka kiganja juu ya ukurasa.

"Katibu, hiyo ya maji humu haiingii."

Akachovya kidole kwenye glasi, akapitisha juu ya mstari mmoja wa muhtasari wangu. Bluu ikaondoka na kidole, ikabaki alama ya kijivu ambayo ukiijua sentensi unaweza kuisoma. Wino wa katriji za shule mara nyingi umetengenezwa hivyo makusudi, utoke kwenye sare za watoto. Akapitisha kidole juu ya tarakimu za bik za mwezi uliopita. Hazikutikisika.

Nikawaeleza kwamba wino wa kalamu usioogopa maji upo. Ule wa zamani unatokana na chumvi ya chuma na tanini: unaandika bluu, kisha chuma kinashika oksijeni ya hewani na maandishi yanakuwa meusi yakishikamana na nyuzi za karatasi. Uingereza wasajili wa ndoa na vizazi wameutumia miaka na miaka kwa sababu hiyo hiyo anayoitaka mweka hazina. Pelikan wa Ujerumani wanao mmoja, 4001 ya bluu-nyeusi. Kariakoo bado sijauona.

"Ukiuona, tutazungumza," akasema mweka hazina.

Mwenyekiti akaamua: muhtasari katibu aandike kwa anachotaka, daftari likae kwenye mfuko wa nailoni, leja na sahihi zote ni bik. Imepitishwa, nimeiandika, ukurasa wa mwisho, kwa papa. Kisha mwenyekiti akaomba kuishika, akaifungua na kuifunga kifuniko, akauliza kama zipo za rangi ya kijani.